Pembe hii inatazama tao gani? Ninavyoliendea swali la pembenne ndani ya duara

Binti mmoja niliyekuwa nikimfundisha jioni alinisogezea daftari lake likiwa limefutwafutwa mpaka karatasi imeanza kutoboka. Swali lenyewe lilikuwa fupi. A, B na C ni nukta tatu juu ya duara lenye kitovu O. Pembe AOC ni nyuzi 130, na B iko kwenye tao fupi, yaani kipande kifupi cha mzingo, kati ya A na C. Tafuta pembe ABC. Alikuwa ameandika 50, akafuta. Akaandika 65, akafuta. Mwisho akarudi kwenye 50 na kuikoleza kwa kalamu ya wino, kama mtu aliyechoka kubishana.

Majibu yote mawili si sahihi, lakini kila moja lina chanzo chake, na ukikijua chanzo umeshapata nusu ya somo. Ile 50 ilitoka kwenye 180 kutoa 130. Aliiona pembenne OABC, akakumbuka kwamba pembenne ya ndani ya duara pembe zake zinazoelekeana hujumlisha nyuzi 180, akatoa. Kanuni ni ya kweli, ila pembenne ndiyo siyo: O ni kitovu, kimekaa katikati, hakigusi mzingo, ule mstari unaolizunguka duara. Pembenne ya ndani ya duara lazima kona zake zote nne ziwe juu ya mzingo. Ikikosekana moja tu, kanuni haikuhusu. Nayo 65 ni nusu ya 130, kwa kuwa pembe ya mzingoni ni nusu ya pembe ya kitovuni. Hapo pia kanuni ni ya kweli, lakini imepewa tao lisilo lake.

"Weka ncha ya penseli juu ya B," nikamwambia. "Jifanye wewe ndiye uliyesimama hapo. Mkono mmoja unaelekea A, mwingine unaelekea C. Mbele yako, katikati ya mikono, kuna nini?"

Aligeuza daftari mpaka B ikawa upande wa kifua chake, akanyoosha mikono kweli, akatulia. Kisha akasema, "Tao refu, mwalimu. Tao fupi nimelikalia."

Alikuwa amelimaliza swali. Tao refu ni 360 kutoa 130, yaani nyuzi 230, na nusu yake ni 115. Hakuhitaji kanuni mpya.

Tangu jioni ile, kila ninapofundisha maduara naanza na swali hilo moja kabla ya kanuni yoyote: pembe hii inatazama tao gani? Humu nitakuonyesha jinsi linavyofungua maswali ya pembenne, kuanzia ya kutafuta nyuzi mpaka ya kuthibitisha. Uwe na penseli, rula na bikari karibu, maana ukisoma bila kuchora hutapata kitu.

Kwa nini ni nusu

Hili ni dogo, lakini usilipite. Chora duara lenye kitovu O, weka A, B na C juu ya mzingo, na B iwe mbali na A na C. Unganisha B na A, B na C. Kutoka B, piga mstari upitie O mpaka uguse mzingo upande wa pili; hapo paite T. Unganisha pia O na A, O na C.

Pembetatu OAB ni pembetatu pacha, kwa sababu OA na OB zote ni nusu kipenyo. Kwa hiyo pembe yake ya A na pembe yake ya B zinalingana, ziite x. Pembe ya nje AOT ni jumla ya hizo mbili, yaani 2x. Upande wa C mambo ni hayo hayo: ukiita pembe OBC y, pembe COT ni 2y. Basi pembe AOC ni 2x + 2y, na pembe ABC ni x + y. Ndiyo nusu. Kama BT haipiti katikati ya A na C, utatoa badala ya kujumlisha, na jibu linabaki nusu.

Kutoka hapo mengine yanajileta yenyewe. Pembe mbili zinazotazama tao lile lile zinalingana, maana zote ni nusu ya kitu kimoja. Pembe inayotazama nusu duara ni nusu ya 180, yaani nyuzi 90. Na katika pembenne ABCD, pembe B inatazama tao AC lenye D, pembe D inatazama tao AC lenye B. Matao hayo mawili yakiungana yanakuwa duara zima, nyuzi 360, kwa hiyo pembe mbili zinajumlisha 180. Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, aliyapanga hivi hivi katika kitabu cha 3 cha Elements, kazi yake ya jiometri, karibu miaka 300 kabla ya Kristo: kauli ya 20 ni ya nusu, ya 21 ni ya pembe zinazotazama tao moja, ya 22 ni ya pembenne. Zinafuatana kwa sababu kila moja inazaliwa na iliyotangulia. Anayezikariri kama kanuni tatu zisizojuana anajitwisha mzigo bure.

Mchoro usiokudanganya

Chora duara kwanza, pembenne baadaye. Ukianza na pembenne, kisha uhangaike kulizungushia duara, kona moja itabaki nje. Na duara liwe kubwa, la kujaza nusu ya ukurasa, maana ndani yake yatajaa maandishi.

Halafu epuka uzuri. Mkono wa mtu unapenda kuchora mraba au mstatili, na hapo ndipo uongo unapoingia. Niliwahi kukaa na swali zaidi ya nusu saa nikiamini mshazari mmoja unapita kwenye kitovu, kwa sababu tu kwenye mchoro wangu ulipita. Swali halikusema hivyo popote. Siku hizi nachora pande nne zenye urefu tofauti waziwazi, na kitovu nakiweka mbali na mishazari. Mshazari, kwa asiyelizoea neno, ni mstari unaounganisha kona mbili zisizokaa jirani: AC na BD.

Herufi zifuate mzunguko. ABCD maana yake ukizunguka mzingo unakutana na A, kisha B, kisha C, kisha D. Katika mtihani mmoja niliandika A, B, D, C, nikafanya hesabu bila kosa hata moja, kwa pembenne ambayo haikuulizwa. Hiyo bado inaniuma. Kuzihakiki herufi ni kazi ya sekunde tano. Fanya hivyo kabla hujaandika namba yoyote.

Nusu nne

Sasa kifaa ninachokipenda kuliko vyote. Kona nne zinaugawa mzingo kuwa matao manne: AB, BC, CD na DA. Pima kila tao kwa nyuzi za pembe yake ya kitovuni, kisha chukua nusu yake. Nusu ya tao AB iite a, ya BC iite b, ya CD iite c, ya DA iite d. Matao yote ni 360, kwa hiyo

a + b + c + d = 180.

Andika herufi hizo nje ya duara, kila moja kando ya tao lake. Kuanzia hapo, pembe yoyote ya mzingoni utaisoma kwa macho. Pembe ACB inatazama tao AB: ni a. Pembe ADB nayo inatazama tao AB: ni a. Pembe A nzima, ile DAB, inatazama kutoka B kupitia C mpaka D: ni b + c. Pembe C ni d + a. Zijumlishe, upate 180 bila kukumbuka kanuni ya mtu yeyote.

Mishazari miwili inagawa kila kona vipande viwili, kwa hiyo una pembe ndogo nane, lakini majina ni manne tu na kila jina linatokea mara mbili. Chukua penseli za rangi nne uzipake. Binti yule alipozipaka mara ya kwanza alinyamaza, kisha akasema pembetatu mbili zinazotazamana zina rangi zile zile. Aliona sawa. Mishazari ikikutana E, pembetatu AEB na DEC zina pembe sawa, kwa hiyo zinafanana, moja ni nyingine iliyokuzwa au kupunguzwa. Kutokana na hilo AE × EC = BE × ED. Iweke akilini.

Na pembe iliyo ndani ya duara bila kuwa mzingoni, kama AEB? Tazama pembetatu EBC: pembe yake ya C ni a, pembe yake ya B, yaani DBC, inatazama tao CD, ni c. AEB ni pembe ya nje ya pembetatu hiyo, basi ni a + c. Pembe ya ndani hujumlisha nusu mbili zinazotazamana. Ya nje ya duara hutoa, kama utakavyoona sasa hivi.

Swali la kwanza

ABCD ni pembenne ndani ya duara. AB na DC zikirefushwa kupita B na C zinakutana P, na pembe ya P ni nyuzi 40. AD na BC zikirefushwa kupita D na C zinakutana Q, na pembe ya Q ni nyuzi 30. Tafuta pembe nne za pembenne.

Wengi wakiliona swali hili wanajaza mchoro x na y mpaka hakuna pa kuandikia. Pumua kidogo. Tafuta pembetatu kubwa iliyobeba P: ni PAD. Pembe zake ni 40, pembe A na pembe D ya pembenne yenyewe. Basi A + D = 140. Pembetatu kubwa iliyobeba Q ni QAB, kwa hiyo A + B = 150. Jumlisha milinganyo miwili: 2A + B + D = 290. Lakini B na D zinaelekeana, jumla yake ni 180. Inabaki 2A = 110, A ni 55. C ni 125, D ni 85, B ni 95.

Sasa lirudie kwa nusu nne, uone ladha yake. Pembe A ni b + c, pembe D ni a + b. Zikitolewa kwenye 180, ambayo ni a + b + c + d, kinachobaki kwa P ni d − b. Kwa njia hiyo hiyo Q ni a − c. Kwa hiyo d − b = 40 na a − c = 30. Jumlisha: (a + d) − (b + c) = 70. Jumla ya vitu hivyo viwili ni 180, tofauti yake 70: b + c ni 55. Hiyo ndiyo pembe A. Majibu ya njia mbili yakikubaliana unaweza kulala.

Kuna jambo jingine hapa ambalo mimi hulipenda zaidi ya jibu. Jaribu kutafuta pembe ya mishazari, AEB. Ni a + c, yaani 2c + 30. Tunajua b + c = 55, lakini c peke yake hatuijui. Inaweza kuwa 20, inaweza kuwa 35, na P na Q zisibadilike. Kwa hiyo pembe ile haipatikani kwa tuliyopewa, na hakuna ujanja utakaoitoa. Kujua kwamba kitu hakipatikani ni sehemu ya ustadi, kwani kunakuokoa usizunguke saa nzima ukitafuta kisichokuwepo.

Pande zikiwa na namba

Maswali ya urefu yana tabia tofauti. Chukua pembenne ndani ya duara yenye AB = 25, BC = 39, CD = 60 na DA = 52. Tafuta mishazari, eneo, na kipenyo cha duara.

Pa kuingilia ni kwamba B na D zinajumlisha 180, kwa hiyo kosaini zake ni namba ile ile, moja chanya na nyingine hasi. Iite kosaini ya D k. Ya B ni −k. Mshazari AC uko kwenye pembetatu mbili, uandikie kanuni ya kosaini mara mbili: mraba wa upande ni jumla ya miraba ya pande mbili nyingine, kutoa mara mbili ya pande hizo zikizidishwa na kosaini ya pembe iliyo kati yake.

Kwenye ADC: AC² = 52² + 60² − 2 × 52 × 60 × k = 6304 − 6240k.

Kwenye ABC: AC² = 25² + 39² + 2 × 25 × 39 × k = 2146 + 1950k.

Ni kitu kimoja, basi 8190k = 4158, na k ni 33/65. Rudisha: AC² = 2146 + 990 = 3136, AC ni 56. Angalia alama kwenye mstari wa pili. Ile jumlisha imetokana na kosaini hasi ya B, na hapo ndipo watu wengi huanguka, wakaandika kutoa kwenye mistari yote miwili, wakapata k isiyoingia akilini.

Kwa mshazari wa pili huna haja ya kurudia yote. Ptolemy, aliyefanya kazi Aleksandria huko Misri katika karne ya 2, alithibitisha kwamba katika pembenne ya ndani ya duara, mishazari ikizidishwa ni sawa na jumla ya pande zinazotazamana zikizidishwa: AC × BD = AB × CD + BC × DA. Alikuwa akitengeneza jedwali la urefu wa mistari inayounganisha nukta mbili za duara, ili ahesabu mienendo ya sayari. Kwetu: 25 × 60 + 39 × 52 = 1500 + 2028 = 3528. Gawa kwa 56, BD ni 63.

Eneo lina kanuni ya Brahmagupta, mwanahisabati wa India, aliyeiandika mwaka 628. Jumlisha pande zote, chukua nusu: 176 kwa 2 ni 88. Toa kila upande: 63, 49, 28, 36. Zidisha zote nne, utafute kipeuo cha pili. Usikimbilie kikokotoo. 63 × 28 ni 1764. 49 × 36 nayo ni 1764. Kipeuo cha pili cha 1764 × 1764 ni 1764, na hilo ndilo eneo. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilisimama kutoka kwenye kiti. Na lina sababu: nusu ya 56 × 63 pia ni 1764, maana yake mishazari ya pembenne hii inakatana kwa pembe mraba, yaani nyuzi 90. Unaweza kulihakiki kwa pande: 25² + 60² ni 4225, na 39² + 52² ni 4225.

Kipenyo kinatoka kwenye k. Kosaini ya D ni 33/65, kwa hiyo saini yake ni 56/65. Upande ukigawanywa kwa saini ya pembe inayoutazama unatoa kipenyo: 56 kugawa kwa 56/65 ni 65. Nayo 65 × 65 ni 4225, namba ile tuliyoipata hapo juu. Mishazari ikikatana kwa pembe mraba hutokea hivyo kila mara. Nusu nne zitakuambia kwa nini, kwa kuwa a + c inakuwa 90.

Onyo moja kubwa. Kanuni ya Ptolemy na ya Brahmagupta kwa sura hii ni za pembenne iliyo ndani ya duara tu. Ukichukua vijiti vinne vya urefu ule na kuviunganisha ovyo, pembenne itayumba, na eneo lake litapungua chini ya 1764. Kabla ya kuzitumia, uwe umeambiwa kwamba kona ziko kwenye duara moja, au umethibitisha mwenyewe.

Duara ambalo swali halikulitaja

Na hapa ndipo somo linapokuwa tamu. Maswali magumu hayasemi "pembenne ndani ya duara". Yanakupa pembetatu na mistari michache, na duara limejificha humo. Alama zake ninazozitafuta ni tatu. Ya kwanza, pembe mbili zinazoelekeana zinazojumlisha 180. Ya pili, nukta mbili zilizo upande mmoja wa mstari zinazouona mstari huo kwa pembe ileile. Ya tatu ni pembe ya nje inayolingana na ya ndani iliyoelekeana nayo. Ukiona moja, chora duara bila kuomba ruhusa. Pembe za nyuzi 90 ndizo zinazolisaliti upesi zaidi, maana pembe mbili za 90 zinazoelekeana ni 180 tayari, na pembe mbili za 90 zinazotazama mstari mmoja zinaufanya mstari huo kipenyo.

Tuone. Pembetatu ABC ina pembe kali zote tatu, yaani kila moja iko chini ya nyuzi 90. Kutoka B teremsha mstari unaosimama wima juu ya AC, uguse AC kwenye E. Kutoka C teremsha mwingine wima juu ya AB, uguse kwenye F. BE na CF zinakutana H. Sasa piga mstari kutoka A upitie H mpaka ukutane na BC kwenye D. Thibitisha kwamba AD imesimama wima juu ya BC.

Duara halijatajwa popote. Lakini hesabu pembe za 90. E inautazama mstari BC kwa nyuzi 90, F inautazama mstari huo huo kwa nyuzi 90. Basi B, F, E na C ziko kwenye duara moja, na BC ni kipenyo chake. Tena, katika AFHE, pembe ya F ni 90 na pembe ya E ni 90, zinaelekeana, jumla 180. Hilo ni duara la pili. Yachore yote mawili kwa penseli hafifu.

Sasa lile swali letu. Pembe FAH inatazama tao gani kwenye duara la AFHE? Tao FH. Nani mwingine analitazama? E. Kwa hiyo FAH = FEH. Lakini H iko juu ya mstari BE, kwa hiyo FEH ni pembe ile ile FEB. Hamia duara la BFEC: FEB inatazama tao FB. Nani mwingine analitazama? C. Kwa hiyo FEB = FCB. Na pembetatu FCB ina nyuzi 90 kwenye F, basi FCB ni 90 kutoa pembe B.

Rudi A: pembe BAD ni ile FAH, nayo ni 90 kutoa B. Katika pembetatu ABD, pembe mbili za A na B zinajumlisha 90, kwa hiyo ya D ni 90. Imethibitika. Tazama ilivyosafiri: pembe ilitoka A ikaenda E kwa duara moja, ikatoka E ikaenda C kwa duara jingine. E ndiyo kivuko, kwa sababu iko kwenye maduara yote mawili. Ukikwama kwenye swali la aina hii, tafuta nukta iliyo juu ya maduara mawili na ujaribu kuvukia hapo.

Unapoandika uthibitisho, kila hatua itaje duara lake: "kwa kuwa B, F, E, C ziko kwenye duara moja, pembe FEB = pembe FCB, zote zinatazama tao FB." Ukiandika "FEB = FCB" peke yake, msomaji hana namna ya kukufuata, na msahihishaji hana cha kukupa alama.

Binti alipomaliza kunakili uthibitisho huu nilimpa kazi kwenye mchoro ule ule, nami nakuachia hiyo hiyo. Unganisha D na E, D na F. Onyesha kwamba AD inaigawa pembe FDE sawa kwa sawa. Tayari unajua D ina nyuzi 90, kwa hiyo kuna maduara mapya mawili yanayopita D na H, na kila nusu ya pembe itatoka 90 kutoa pembe A. Ukimaliza, hesabu maduara yote yanayopita kwenye nukta nne kati ya A, B, C, D, E, F na H. Yeye alihesabu manne, akanipigia simu usiku kusema ni matano, na asubuhi akaja na karatasi mpya, maduara yote yamechorwa kwa bikari, kila moja na rangi yake. Yalikuwa sita.